Shajara ya mradi: Siku 126 za magnesiamu, mapigo ya moyo na usingizi

Kabla ya siku ya 1

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Tanga, nina umri wa miaka 51, na kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikisumbuliwa na mambo mawili yanayopenda kuja pamoja usiku: moyo unaoshtuka kifuani na usingizi unaochelewa. Mshtuko wenyewe haubadiliki sana. Moyo unapiga kwa mwendo wake wa kawaida, ghafla unakosa pigo moja kama mchi uliopita kando ya kinu, kisha linakuja pigo zito ambalo nalisikia mpaka kooni. Marehemu bibi yangu aliita hali hiyo kiherehere cha moyo, na kamusi za zamani ziko upande wake, ingawa siku hizi ukimwambia mtu mzima kwamba ana kiherehere utakuwa umetafuta ugomvi.

Kabla ya kuwaza kidonge chochote nilikwenda kupimwa. Shinikizo la damu lilikuwa 128 kwa 82, wingi wa damu ulikuwa mzuri, tezi ya thairoidi ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, figo zilikuwa salama, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha moyo usio na kasoro ya umbile. Nilivishwa pia kifaa cha Holter, ambacho hunakili umeme wa moyo kwa saa 24 mfululizo, nacho kikahesabu mapigo 101,300, na kati ya hayo 1,140 yalikuwa mapigo yaliyowahi kabla ya wakati kutoka vyumba vya chini vya moyo. Daktari alinieleza kwamba mapigo ya namna hiyo, katika moyo ambao umbile lake ni zima, kwa kawaida hayana hatari, ila nisingoje hata kidogo iwapo nitazimia, nitapata maumivu ya kifua, nitakosa pumzi, au moyo utakwenda mbio na kukataa kutulia.

Wazo la magnesiamu lilitoka katika chumba cha walimu, ambako mwenzangu mmoja alisimulia kwamba vidonge hivyo vilimtuliza moyo na sasa analala fofofo. Sikumbishia, lakini mtu anayefundisha vijana kutofautisha sababu na sadfa hawezi kula ushuhuda wa mtu mmoja mzimamzima. Nikanunua kaunta buku na kuandika swali katika ukurasa wa kwanza: je, magnesiamu itapunguza mishtuko ninayoihisi na kuniletea usingizi, au kuna jambo jingine litakalofanya kazi hiyo wakati sifa zinakwenda kwa kidonge? Kila jioni ningeandika idadi ya mishtuko niliyoihisi tangu asubuhi pamoja na vikombe vya chai nilivyokunywa, na kila asubuhi ningeandika saa niliyopanda kitandani, dakika nilizokadiria kwamba zilipita kabla ya kulala, mara nilizoamka, na jumla ya saa za usingizi.

Niliyoyasoma kabla ya kuanza hayakunipa matumaini makubwa wala hayakunivunja moyo. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 1997 liliwahusisha wagonjwa 232 wenye mapigo mengi ya kabla ya wakati, na waliopewa magnesiamu pamoja na potasiamu kwa wiki tatu walipungukiwa mapigo hayo kwa takribani asilimia 17, lakini kwa namna walivyojisikia hawakuwazidi wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuhusu usingizi, jaribio la Iran la mwaka 2012 liliwapa wazee miligramu 500 kwa siku kwa wiki nane na kuona nafuu, lakini washiriki wote kwa jumla walikuwa 46 tu. Mapitio ya mwaka 2021 yalikusanya majaribio matatu yenye wazee 151 na kukuta kwamba waliotumia magnesiamu walipatwa na usingizi mapema kwa dakika 17 hivi kuliko wenzao, huku waandishi wakikiri kuwa ushahidi ni dhaifu. Dakika 17 nikaziandika kwa wino mwekundu juu ya ukurasa, ili nisije nikatarajia miujiza.

Siku ya 1 hadi ya 14: kipindi cha kuhesabu tu

Sikubadilisha chochote. Wastani wa wiki mbili ni mishtuko 23 kwa siku, dakika 55 kabla ya usingizi kuja, kuamka mara mbili au tatu, na saa tano na dakika kumi za kulala. Jambo la kwanza lililonishangaza ni pengo kati ya namba 23 na ile 1,140 ya kifaa: mapigo mengi yanayowahi yanapita bila mimi kuyajua, na ninachokiita ugonjwa ni yale machache ninayoyasikia. Kwa hiyo ninapima vitu viwili tofauti, moyo unavyopiga na mimi ninavyousikia, na si lazima vipande na kushuka pamoja.

Siku ya 6 nilibaini kwamba zaidi ya nusu ya mishtuko inatokea baada ya chakula cha usiku, na hasa nikilalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa ubavu huo moyo husogea na kugusa ukuta wa kifua kwa karibu zaidi. Kulalia kulia hakuondoi pigo lenyewe, ila kunaliondolea sauti.

Siku ya 15 hadi ya 28: chai

Daftari lilinionyesha jambo ambalo mke wangu alikuwa akilisema bure kwa miaka mingi, yaani kwamba ninakunywa vikombe vitano vya chai ya rangi kwa siku na kwamba cha mwisho huambatana na kusahihisha madaftari saa tatu usiku. Kafeini huchukua takribani saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa tatu usiku bado kinazungumza nami saa nane. Nikaweka sheria ya kutokunywa chai baada ya saa tisa alasiri, na jioni nikahamia maji ya moto yenye mchaichai.

Siku tatu za kwanza kichwa kiliuma. Baadaye muda wa kungoja usingizi ulishuka kutoka dakika 55 hadi 35, ambayo ni hatua kubwa kuliko ile ninayoweza kutarajia kwa haki kutoka kwa kidonge, na ninaiandika hapa mapema ili magnesiamu isije ikajichukulia ushindi usio wake. Mishtuko haikujali: ilikuwa 23, ikawa 20.

Siku ya 29

Nimekwenda kununua vidonge. Katika duka la kwanza niliomba magnesiamu na kupewa kopo la vidonge vyeupe vya kutafuna, nikalipa na kuondoka bila kusoma lebo, na kumbe vilikuwa magnesium trisilicate, ile dawa ya kiungulia ambayo kila nyumba ya hapa kwetu imewahi kuwa nayo. Jina la madini limo, lakini kazi yake ni kutuliza asidi ya tumbo na si kuujaza mwili. Kosa ni langu kwa nusu, kwani niliomba kwa neno moja kitu chenye sura nyingi. Katika duka la pili nilipata vidonge vya oksidi ya magnesiamu vya miligramu 500.

Siku ya 30

Ilitokea kwamba kidato cha tatu tulikuwa tumefika kwenye hesabu za asilimia ya elementi katika kampaundi, nikaona hakuna mfano bora kuliko uliokuwa mfukoni mwangu. Kwanza niliwasha kipande cha utepe wa magnesiamu nikiwa nimekishika kwa koleo, nikiwaonya wasiukodolee macho mwanga wake mweupe, na ulipozimika pakabaki koleoni uzi wa jivu jeupe uliovunjika mara nilipougusa kwa kidole. Jivu hilo ndilo oksidi ya magnesiamu. Tukachukua 24 kwa magnesiamu na 16 kwa oksijeni, na wanafunzi wakapata kwamba asilimia 60 ya oksidi ni magnesiamu yenyewe, hivyo kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 300 za madini ninayoyatafuta. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, unameza jivu?" Nilimjibu kwamba swali lake ni sahihi kabisa na kwamba nitalijibu baada ya wiki moja.

Siku ya 36

Jibu nimelipata kwa aibu. Oksidi ina magnesiamu nyingi kwa hesabu ya karatasini, lakini huyeyuka vibaya na hufyonzwa kidogo, na ile inayobaki kwenye utumbo huvuta maji, ndiyo maana aina nyingine za magnesiamu huuzwa kama dawa za kulainisha choo. Kwa siku tano nimekuwa nikihara, na jana nilimwomba mwenzangu anishikie kipindi mara mbili. Mishtuko siku hizi imekuwa 26, yaani imeongezeka, na sishangai, kwa sababu kuhara kunapoteza maji na chumvi za mwili. Nimeacha.

Siku ya 38

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na leo amekuja kututembelea akakuta kaunta buku limefunguliwa mezani. Alilisoma kimya, kisha akaniambia: "Shemeji, sisi wodini magnesiamu hatuichezei. Mama mwenye kifafa cha mimba akishapewa ile salfeti, kabla ya dozi inayofuata nagonga kwanza goti nione kama mguu unaruka, nahesabu pumzi, naangalia mkojo. Goti lisipoitika, dozi haiendi." Akaeleza kwamba dawa ya kuizima, kalsiamu glukoneti, hukaa tayari kando. Nilimjibu kwamba mimi nameza vidonge tu, si sindano, naye akakubali kwamba kwa mtu mwenye figo nzima ziada ya vidonge hutoka kwa mkojo na kwa choo. Lakini akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza kwa siku 38: je, nimeshapima magnesiamu yangu katika damu?

Sikuwa nimepima. Nilikuwa naongeza maji kwenye mtungi bila kuchungulia ndani.

Siku ya 41

Majibu ya maabara ni haya: magnesiamu 0.58, wakati kiwango cha kawaida cha maabara hiyo kinaanzia 0.70, na potasiamu 3.4, chini kidogo ya 3.5 inayotakiwa. Daktari aliniambia nisidhani kwamba kuhara kwa siku chache kumeeleza yote, akaniomba nimtajie kila kitu ninachomeza, hata kile nisichokiita dawa. Nikamtajia omeprazole, miligramu 20 kila asubuhi kwa miaka mitatu, tangu nilipougua vidonda vya tumbo. Nilikuwa nimeacha kuihesabu kama dawa, kama vile mtu asivyohesabu kuvaa viatu.

Hapo mradi umegeuka. Dawa za kundi la omeprazole, zinazozuia tumbo kutoa asidi, zikitumiwa kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, huweza kuuzuia utumbo kufyonza magnesiamu, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo, ikieleza kwamba katika takribani robo ya visa ilivyochunguza vidonge vya magnesiamu peke yake havikutosha mpaka dawa ya tumbo ilipoachwa. Potasiamu nayo haikushuka kwa bahati mbaya tu: magnesiamu ikipungua, figo huachia potasiamu ipotee kwenye mkojo, na pampu zinazorudisha potasiamu ndani ya chembe za moyo zinahitaji magnesiamu ili zifanye kazi. Chembe ya moyo iliyopungukiwa hivyo huwa nyepesi kuchokozeka na hufyatua pigo kabla ya zamu yake.

Daktari aliongeza jambo ambalo ninaliandika kwa msisitizo kwa kuwa linakwenda kinyume na mazoea yetu ya kuamini karatasi ya maabara: mwili wa mtu mzima una takribani gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu ikiwa mifupani, na iliyomo kwenye majimaji ya damu haifiki hata asilimia moja. Kipimo kikiwa chini, upungufu upo. Kikiwa cha kawaida, hakimalizi mjadala.

Tumekubaliana kwamba nitaanza sitrati ya magnesiamu, aina nyingine badala ya ile oksidi, miligramu 200 za magnesiamu kwa siku, na kwamba omeprazole tutaigusa baadaye, ili nisichanganye mabadiliko mawili kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho lilikuwa ombi langu, na daktari alilikubali kwa kutabasamu.

Siku ya 43

Lebo za sitrati zinahitaji uangalifu kuliko mtihani wa taifa. Kopo moja limeandika miligramu 625 za sitrati ya magnesiamu na jingine limeandika miligramu 100 za magnesiamu, na mnunuzi mwenye haraka atachukua la kwanza akidhani lina mara sita. Wanafunzi wangu wamepiga hesabu: asilimia 16 ya sitrati ndiyo magnesiamu, kwa hiyo 625 inatoa 100 ileile. Glisinati, ambayo wauzaji wanaisifia kwa usingizi, ina asilimia 14 hivi na bei yake hapa mjini ni zaidi ya mara mbili. Sijaona ushahidi wa kunifanya niilipie. Ninameza kidonge kimoja baada ya chakula cha mchana na kimoja baada ya chakula cha usiku. Miligramu 200 ziko chini ya kikomo ambacho Ulaya imekiwekea kirutubisho cha ziada, yaani 250, na kile cha Marekani, yaani 350.

Siku ya 49

Mwenzangu aliyelianzisha jambo hili ameniomba nimgawie vidonge vichache kwa ajili ya mama yake mzazi, ambaye naye analalamikia moyo. Nilipouliza nikaambiwa kwamba mama ana umri wa miaka 74 na anahudhuria kliniki ya figo. Nilikataa, naye alikasirika kidogo, akadhani ni uchoyo. Nikamfungulia kaunta buku katika ukurasa wa Shemeji na goti lisiloitika: figo zisipoweza kutoa ziada, magnesiamu hujikusanya, shinikizo hushuka, misuli hulegea, na moyo uliokusudiwa kutulizwa hupunguza mwendo kupita kiasi. Tulimaliza kwa kukubaliana kwamba atauliza kliniki. Ameniambia pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimeza magnesiamu pamoja na antibiotiki iitwayo doksisaiklini asubuhi kwa asubuhi, jambo ambalo hufanya madini yaifunge dawa tumboni na kuizuia isifyonzwe. Zinatakiwa kutenganishwa kwa saa kadhaa, kama inavyotakiwa kwa siprofloksasini na kwa vidonge vya tezi ya thairoidi.

Siku ya 43 hadi ya 70: sitrati

Tumbo limetulia, isipokuwa siku mbili. Wiki ya kwanza mishtuko ilikuwa 21, ya pili 19, ya tatu 14, ya nne 12. Dakika za kungoja usingizi zimeshuka kutoka 35 hadi 30, na saa za kulala zimefika sita kasoro dakika kumi. Ningependa kusherehekea, lakini wiki ya tatu ndiyo shule zilipofungwa, na mwalimu anayelala vizuri wakati wa likizo hajathibitisha chochote. Nimechora mstari wa penseli katika daftari kuonyesha siku hiyo, na kila ninapotazama namba 14 na 12 ninauona.

Siku ya 71 hadi ya 80: vidonge vimekwisha

Sikuupanga mtihani huu. Kopo limeisha na duka limenieleza kwa siku tisa mfululizo kwamba mzigo uko njiani. Nilitarajia mishtuko irudi, haikurudi. Imebaki kati ya 11 na 13. Naona maelezo mawili. La kwanza ni kwamba mwili ulikuwa umejiwekea akiba ambayo haikwishi kwa siku kumi. La pili ni kwamba likizo ndiyo iliyofanya kazi. Daftari peke yake haliwezi kuniamulia, na laiti ningekuwa na subira ya kuanza vidonge mwanzoni mwa muhula, leo ningelijua. Hii ni kasoro ya mpango wangu na siwezi kuirekebisha kwa maneno.

Siku ya 82

Damu imepimwa tena. Magnesiamu 0.66, potasiamu 3.6. Wiki nne za vidonge zimepandisha kiwango bila kukifikisha kwenye mstari, na daktari amesema kwamba mtungi unaovuja haujazwi kwa kuongeza kata. Sitrati, iliyopatikana tena, naendelea nayo, na ninaanza kupunguza omeprazole: siku moja ninameza, siku moja naacha, kwa wiki mbili, kisha naacha kabisa, nikiwa na dawa ya kundi jingine ya kutumia kiungulia kikizidi. Amenikataza kuiacha kwa siku moja, kwa kuwa tumbo lililozuiwa kutoa asidi kwa miaka mitatu hulipiza kisasi. Amesisitiza pia kwamba wako watu wanaotakiwa kuendelea na dawa hiyo, kwa mfano wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wamewahi kutokwa na damu tumboni, na kwamba uamuzi huu ni wangu na wake, si wa yeyote atakayesikia habari zangu.

Siku ya 83 hadi ya 104

Kisasi kilikuja hata hivyo. Kuanzia siku ya 97 hadi ya 102 kiungulia kilikuwa kibaya kuliko mishtuko yote ya mwaka uliopita, na usingizi ukarudi nyuma hadi dakika 45, hali ambayo mtu asiyejua historia angeilaumu magnesiamu. Kilichonisaidia ni kula chakula cha usiku saa moja badala ya saa tatu na kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili. Mke wangu amelipinga jambo la matofali kwa sababu anateleza kuelekea miguuni. Tumepatana kwa tofali moja.

Katika kipindi hicho niliyahamishia macho yangu jikoni, ambako nilitakiwa kuanzia. Mwanaume wa umri wangu anahitaji takribani miligramu 420 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Gramu 28 za mbegu za maboga zilizokaangwa, yaani konzi moja, zina miligramu 156. Korosho za uzito huohuo zina 74. Nusu kikombe cha mboga ya majani ya kijani ya jamii ya spinachi iliyochemshwa inakaribia 80. Na maharage, choroko na karanga havikai nyuma. Nyumba yetu ilikuwa imehamia sembe kwa sababu ya weupe wake, wakati kiini na pumba vinavyotolewa kinuni ndivyo vyenye sehemu kubwa ya magnesiamu ya mahindi. Tumerudi kwenye dona. Watoto wamelalamika kwa siku nne. Mbegu za maboga, ambazo zamani tulikuwa tukiwatupia kuku, sasa zinaanikwa juu ya bati, na kuku wanatutazama.

Siku ya 112

Nimevishwa Holter kwa mara ya pili. Shule zimefunguliwa, nimefundisha vipindi vinne na kifaa kikiwa chini ya shati, na kidato cha tatu wamedai kuona grafu yangu kama malipo ya kuniazima hesabu zao.

Siku ya 116

Majibu yote yamefika. Magnesiamu 0.81, potasiamu 4.1. Kifaa kimehesabu mapigo 97,900, na yaliyowahi kabla ya wakati ni 590, karibu nusu ya yale ya awali. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kutangaza ushindi wakati daktari aliponieleza kwamba mapigo haya hupanda na kushuka yenyewe kutoka siku moja hadi nyingine kwa kiasi kikubwa, hata kwa mtu asiyetumia dawa yoyote, kwa hiyo nusu ya siku moja dhidi ya siku nyingine moja ni dalili na si uthibitisho. Kinachompa yeye imani ni damu, ambayo ilipanda baada ya omeprazole kuondoka na haikupanda vya kutosha kabla yake.

Kwa upande wa kuhisi, wastani wa siku kumi zilizopita ni mishtuko sita, na huu ni wakati wa muhula, si likizo. Usingizi unakuja kwa dakika 25 na unadumu saa sita na robo. Nikirudi nyuma na kugawa urithi kwa haki, dakika 20 kati ya 30 nilizookoa ni za chai, zilizobaki zinagombewa na magnesiamu, chakula cha mapema na tofali, na siwezi kuwaamulia. Mishtuko ndiyo ninayoweza kuipa magnesiamu bila kuona haya, tena kwa sharti kwamba nilikuwa nimepungukiwa. Mwenzangu ambaye hajapimwa hawezi kuazima namba zangu.

Msichana wa mstari wa nyuma amepata jibu lake, na ameandika kwenye daftari lake kwamba jivu si chakula.

Siku ya 121

Nimeacha sitrati kwa makubaliano na daktari, nikitegemea sahani. Damu itapimwa tena baada ya miezi mitatu, na nikikuta imeshuka nitarudi kwenye vidonge bila kinyongo.

Siku ya 126

Mishtuko mitano. Chai vikombe viwili, cha mwisho saa nane mchana. Nilipanda kitandani saa nne na nusu usiku nikalalia kulia, na kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni adhana ya kanda iliyowashwa kimakosa na jirani kwenye simu yake. Kopo lina vidonge 22, liko juu ya kabati, na mwenzangu ameshaliulizia mara mbili. Mama yake ana miadi ya kliniki Alhamisi.